Rekodi za Cherehani Kongwe, Kutoka Clydebank hadi Boito

Vitabu vya rekodi vinaijua nchi ya chai kwa jambo moja: mvua ya mawe. Vilima vya Kericho na Nandi vimetajwa kuwa mahali panaponyeshewa mawe siku nyingi kuliko popote duniani, wastani wa siku 132 kwa mwaka. Mkulima wa Boito, kule Konoin katika Kaunti ya Bomet, hangoji kitabu kimwambie hayo. Anayaona majani yaliyotobolewa, na jioni anaiona hasara kwenye mizani ya kituo cha kununulia chai.

Unyevu huohuo unaoistawisha chai una kazi nyingine isiyoandikwa popote: unakula chuma. Unakula jembe, kufuli, bati na bawaba za mlango. Kwa hiyo ninapoona barazani mwa duka cherehani nyeusi ya kukanyaga, iliyotoka kwa kogo, yaani bibi, ikaenda kwa binti hadi kwa mjukuu, na bado inashona sare za shule, mimi huona kuwa hapo pana rekodi isiyopungua ile ya mawe. Tatizo ni kwamba mwenye mashine mara nyingi hajui alicho nacho. Anajua tu ni “Singer ya zamani”. Mnunuzi wa vyuma chakavu akipita na mizani yake, mashine iliyovuka bahari inapimwa kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka. Kwa ajili ya mtu huyo nimezikusanya rekodi hizi, na kila nilipoweza nimeeleza zinamsaidiaje kuitambua na kuifufua mashine yake.

Ya kwanza kuliko zote

Mchoro wa kwanza wa cherehani unaojulikana ni wa Mwingereza Thomas Saint, aliyepata hataza mwaka 1790 kwa mashine ya kushona ngozi. Karatasi zake zililala kwenye makabrasha hadi miaka ya 1870. Ya kwanza kufanya kazi ya kila siku ilikuwa ya fundi Mfaransa Barthélemy Thimonnier, aliyepata hataza mwaka 1830 na kuweka mashine 80 katika karakana ya Paris kushona sare za jeshi. Mwaka uliofuata mafundi wa mkono, wakihofia kukosa riziki, waliivamia karakana na kuzivunja. Nchini Marekani, Elias Howe alipata hataza ya mshono wa nyuzi mbili tarehe 10 Septemba 1846, naye Isaac Merritt Singer akapata yake tarehe 12 Agosti 1851. Walishtakiana kwa miaka kadhaa. Mwaka 1856 makampuni makuu yakakubaliana kuziweka hataza zao kapu moja na kugawana malipo, muungano wa kwanza wa namna hiyo katika historia ya viwanda vya Marekani.

Mwaka huohuo wa 1856 ndio uliobadilisha mambo hata kwa mtu wa Boito, maana ndipo Edward Clark, mshirika wa Singer, alipoanza kuuza cherehani kwa malipo kidogo kidogo. Familia iliweka kianzio, ikaichukua mashine nyumbani, na deni likalipwa kwa kazi ya mashine yenyewe. Kwa maoni yangu mbinu hiyo ndiyo iliyoipa Singer dunia, zaidi ya chuma chake. Maduka yetu yote ya “lipa pole pole” yanatembea juu ya nyayo hizo.

Mashine za akina Saint na Thimonnier huzikuti Konoin. Zinazoweza kupatikana huku zilikuja baada ya reli kufika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Mzigo wa Kericho ulishushwa stesheni ya Lumbwa, ambayo leo inaitwa Kipkelion, na kumalizia safari kwa barabara. Makampuni makubwa ya chai yalipoingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, watu wengi zaidi walianza kushika pesa mkononi, na nguo za kushonwa zikapata wanunuzi. Kisha mwaka 1952 kikaundwa chama cha Maendeleo ya Wanawake, na madarasa yake yalifundisha akina mama kushona, kupika na usafi wa nyumba. Ukisikia mzee akisema cherehani ya nyumbani kwao ilinunuliwa “wakati wa mkoloni”, mara nyingi hakosei sana.

Kiwanda kikubwa kuliko vyote

Hapa tuketi kidogo, kwa sababu hapa ndipo cherehani nyingi nyeusi za Kenya zilipozaliwa.

Mwaka 1882 kampuni ya Singer ilianza kujenga kiwanda kwenye shamba la Kilbowie, Clydebank, karibu na Glasgow nchini Scotland. Kilifunguliwa mwaka 1885, kikawa kiwanda kikubwa cha cherehani kuliko vyote duniani. Katikati yake ulisimama mnara wenye saa ya nyuso nne, kila uso ukiwa na kipenyo cha karibu mita 8. Ukitaka kupima ukubwa huo, kumbuka kwamba uso wa saa ya Big Ben kule London una kama mita 7. Watu wa mji waliisoma saa kutoka mbali, na hakuna aliyechelewa kazini akapata kisingizio.

Mwaka 1907 reli ilihamishwa kidogo na stesheni mpya ikapewa jina la Singer. Stesheni hiyo ipo hadi leo, treni zinasimama pale, ingawa kiwanda hakipo tena. Mwaka 1911 wafanyakazi wapatao 11,000 waligoma. Mgomo huo ulianza na wanawake 12 wa idara ya kung’arisha makabati, walioongezewa kazi bila nyongeza ya mshahara. Miaka miwili baadaye, 1913, kiwanda kilivunja rekodi yake kwa kutoa zaidi ya mashine milioni 1.3 kwa mwaka mmoja. Kufikia mwaka 1943 jumla ilikuwa imepita milioni 36. Machi 1941 ndege za Ujerumani ziliishambulia Clydebank, na ghala la mbao la kiwanda likateketea. Mnara wa saa ulibomolewa mwaka 1963, na milango ikafungwa kabisa mwaka 1980.

Kiwanda cha pili cha kukumbukwa ni Wittenberge, Ujerumani, kilichoanza mwanzoni mwa karne ya 20. Mnara wake wa mwaka 1928 ungali umesimama, na saa yake, yenye nyuso za kipenyo cha mita 7.57, inahesabiwa kuwa saa kubwa zaidi ya mnara unaojitegemea katika bara la Ulaya ukiacha visiwa vya Uingereza. Kampuni hiyo ilipenda sana urefu. Makao yake makuu ya New York yaliyokamilika mwaka 1908, mita 187, yalikuwa jengo refu kuliko yote duniani kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Yalibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa miaka kama 50 hapakuwa na jengo refu kuliko hilo lililobomolewa na wenyewe kwa hiari.

Namba ndogo inayosema mengi kuliko zote

Sasa geuza uso kwenye mashine iliyo mbele yako. Pangusa kitako chake cha chuma upande wa kulia, chini ya nguzo inayobeba gurudumu. Utaona namba imegongwa ndani ya chuma chenyewe. Hiyo ndiyo hati yake ya kuzaliwa.

Singer wa kabla ya mwaka 1900 waligonga tarakimu tupu bila herufi. Kuanzia mwaka 1900 herufi ilitangulia, na kila kiwanda kilikuwa na zake. Namba inayoanza na F ilitoka Clydebank katika miaka ya 1910. Inayoanza na Y pekee pia ni ya Clydebank, ya miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930. Ukiona herufi mbili, ya kwanza ikiwa E, kwa mfano EA, EC au EF, hiyo ni Clydebank kuanzia mwaka 1935 kwenda mbele. G pekee ni ya kiwanda cha Elizabeth, New Jersey, Marekani, na C pekee ni ya Wittenberge. Herufi mbili zinazoanza na J zilitoka Kanada. Lakini jihadhari na jambo moja: mwaka unaotokana na namba ni mwaka ambao fungu la namba lilitengewa kiwanda. Mashine yenyewe ingeweza kumalizika miezi kadhaa baadaye, na ikakaa dukani Mombasa au Nairobi miaka miwili kabla ya kununuliwa.

Baada ya namba, tafuta kibati kidogo au maandishi yanayotaja aina, kama 15K, 66K, 99K au 201K. Ile K ni ya Kilbowie. Kisha tazama beji ya shaba nyeupe au ya njano iliyopigiliwa kwenye nguzo. Ikiwa ina ukingo wa buluu na miaka 1851–1951, mashine yako ilitengenezwa karibu na sherehe za karne ya kwanza ya Singer.

Kama kibati hakipo, umbo lenyewe litakuambia. Singer aina ya 27 na 28, zilizoanza katika miaka ya 1880, zina vibati viwili virefu vya kuteleza juu ya kitako, kimoja mbele na kimoja nyuma. Ukivifungua utaona bobini nyembamba ndefu ndani ya kifuko cha chuma chenye ncha, kinachoyumba kwenda mbele na nyuma. Aina ya 66 na mdogo wake 99 zina bobini ya duara inayowekwa kutoka juu, na kidhibiti cha uzi kiko mbele ya mkono wa mashine. Aina ya 15 ina bobini inayoingizwa kutoka upande wa kushoto chini ya kitako, na kidhibiti cha uzi kimekaa kwenye kifuniko cha mwisho wa kichwa, upande wa kushoto kabisa wa fundi. Uzi wake hupita kwenye tundu la sindano kutoka kulia kwenda kushoto.

Pia zipo nyingi zilizoandikwa Singer ambazo hazikupitia Clydebank wala Wittenberge. Kichwa chenye nakshi za dhahabu zinazong’aa mno, rangi laini isiyo na alama ya miaka, na namba isiyofuata mpango wowote wa Singer, huenda kilitengenezwa Asia si muda mrefu uliopita. Hilo halikifanyi kuwa kibaya. Linakifanya tu kisiwe kongwe, na anayekuuzia kwa bei ya ukongwe anapaswa kukuonyesha namba kwanza.

Iliyoishi muda mrefu kuliko zote

Kama ningepewa kombe moja tu la kutoa, ningelitoa hapa. Singer ya aina ya 15 ilianza mwaka 1879 na mpaka sasa bado inatengenezwa, ingawa kwa majina mengine. Mmoja wa waliobuni utaratibu wake wa chini, ambapo kipande cha chuma chenye kulabu hujigeuza nusu mzunguko na kurudi huku kikiubeba uzi wa juu kuzunguka bobini, ni Philip Diehl, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani. Ni Diehl huyohuyo anayekumbukwa kwa feni ya umeme ya dari.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Japani vilichukua aina ya 15 vikaiiga kwa mamia ya majina. China ikafuata, na Butterfly ya Shanghai ikawa miongoni mwa vitu vinne ambavyo kila familia changa ya Kichina ilivitamani: saa ya mkono, baiskeli, redio na cherehani. India ilikuwa na Usha yake tangu miaka ya 1930. Zote hizo zilifuata vipimo vilevile. Fikiria maana yake kwa fundi wa Boito. Singer iliyotoka Scotland mwaka 1937 na Butterfly iliyonunuliwa jana zinatumia sindano moja, bobini moja na kesi moja ya bobini. Sindano hiyo, inayoandikwa HA×1 au 15×1 kwenye pakiti, inapatikana Bomet, Litein na Kericho, kwa bei ambayo mtoto anaweza kutumwa dukani. Sijui mashine nyingine ya zaidi ya karne moja ambayo kipuri chake kipya bado kinaning’inia kwenye duka la senta.

Rekodi hiyo ina upande wake wa huzuni. Aina ya 12, iliyotoka mwaka 1865 na kuuzwa kwa wingi mno duniani, ina sindano ya pekee ambayo siku hizi ni wakusanyaji tu wanaoitafuta. Mashine nzuri kuliko zote kwa macho inaweza kulala kimya kwa kukosa kipande cha chuma cha urefu wa kidole.

Ya kasi zaidi, na nyepesi zaidi

Mwaka 1845, jijini Boston, Howe aliishindanisha mashine yake na washonaji watano hodari wa mkono, akawashinda kwa mishono 250 kwa dakika. Singer ya kwanza iliwekewa hesabu ya mishono 900. Mwaka 1861 kampuni ya Wheeler & Wilson ilitangaza vipimo vyake: shati la mwanamume lilichukua saa 14 na dakika 26 kwa mkono, na saa 1 na dakika 16 kwa mashine. Leo Juki DDL-8700 ya umeme, inayoonekana kwenye karakana nyingi za mjini, inafika mishono 5,500 kwa dakika. Ni kasi ya kustahiwa. Lakini radi ikipiga mchana na umeme kukatika, kama ilivyo desturi ya mvua za huku, Juki inanyamaza na cherehani ya miguu inaendelea.

Kwa wepesi inayosifiwa zaidi kati ya zile kongwe ni Singer 221, iliyotoka mwaka 1933 ikiwa na kiwiliwili cha alumini, uzito wa kama kilo 5. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaipenda sana. Kwa kazi ya sare na magunia haifai.

Ghali kuliko zote, kwa uongo

Aprili 2009 uvumi ulienea Saudi Arabia kwamba Singer za zamani zina “zebaki nyekundu”, kitu ambacho sayansi haijawahi kukithibitisha kuwa kipo. Walisema simu ya mkononi ikisogezwa karibu na sindano na laini ikakatika, basi mashine ni ya kweli. Watu walitafuta cherehani kwa bibi zao, maduka ya mafundi yakavunjwa, na bei zikatajwa hadi riyali 200,000 kwa mashine moja, zaidi ya dola 50,000 za wakati huo. Polisi walichunguza wakakuta ni ulaghai. Ndani ya mashine hamkuwa na kitu isipokuwa chuma na mafuta.

Naisimulia habari hii kwa sababu uvumi wa namna hiyo haufi, huhamia nchi nyingine. Mtu akija Boito na kukuahidi mamilioni kwa Singer ya mama yako kwa sababu ya kitu kilichofichwa ndani ya sindano, mkaribishe chai na umuage kwa heshima. Thamani ya mashine hiyo iko kwenye kazi inayoweza kufanya.

Kufufua: kosa linaloua mashine nyingi kuliko kutu

Kosa hilo ni mafuta ya kupikia. Mtu anaona gurudumu limekaza, anachukua chupa ya jikoni, anamimina. Kwa siku chache mashine inalainika. Kisha mafuta yanakauka, yanageuka gundi ya kahawia, na kila kiungo kinashikana. Mafuta machafu ya gari nayo hayafai, yana vumbi la chuma ndani yake. Mafuta ya cherehani ni mepesi na meupe, kichupa chake ni bei ndogo, na hayana mbadala.

Mashine iliyokaza usiilazimishe. Toa mkanda, ondoa kichwa kwenye meza, kilaze juu ya gazeti, na tia tone la mafuta ya taa kwenye kila tundu na kila mahali chuma kinapokutana na chuma. Iache juani mchana kutwa, maana joto hulainisha gundi ya zamani. Jioni zungusha gurudumu kidogo kuja kwako, kidogo kurudi. Rudia kwa siku kadhaa. Mafuta ya taa huosha lakini hayalainishi, kwa hiyo yakishatoa uchafu, yapanguse yote, kisha tia mafuta ya cherehani. Anayeruka hatua hiyo ya mwisho huirudisha mashine kwenye kutu ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Mara nyingi kinachokaza si kutu hata kidogo. Ni uzi. Kwenye aina ya 15, toa kesi ya bobini, fungua pete inayoshikilia kile kipande chenye kulabu, kitoe nje. Huenda ukakuta uzi wa miaka mingi umejisokota nyuma yake. Angalia pia nyuma ya gurudumu, uzi hupenda kujificha pale. Kisha ng’oa kibati cha chini ya sindano na uyasafishe meno yanayosukuma nguo. Pamba na vumbi hukandamana pale mpaka meno hayachomozi tena, na mwenye mashine akadhani yamelika.

Gurudumu likizunguka huku sindano imesimama, usidhani mashine imevunjika. Katikati ya gurudumu kuna kitasa kikubwa cha kukaza kwa mkono, na nyuma yake kipete chenye vijipembe. Kipete hicho kina upande wa kuingia. Kikiwekwa kinyume, kitasa hakishiki. Kigeuze, kaza tena, ujaribu.

Mashine ikizunguka vizuri lakini haikamati uzi wa chini, anza na sindano kabla ya kugusa kitu kingine. Kwenye aina ya 15 upande bapa wa sindano hutazama kushoto. Sindano mpya, iliyopandishwa hadi mwisho na kukazwa, hutatua mengi kuliko bisibisi. Halafu vuta kipande cha kitambaa safi katikati ya visahani vinavyobana uzi, maana uzi mbovu huacha mabaki humo na mshono ukalegea upande wa chini.

Kuhusu sura yake nina msimamo mkali. Usiipake rangi. Zile nakshi za dhahabu zililindwa kwa vanishi ya zamani ambayo spiriti huiyeyusha mara moja, na sabuni kali huila dhahabu ikabaki fedha. Msasa ni adui. Chukua pamba, mafuta ya cherehani na subira, sugua taratibu mpaka uchafu utoke. Vipande vinavyong’aa, kama kibati cha sindano na gurudumu, vinaweza kulowekwa kwenye mafuta ya taa na kusuguliwa kwa pamba laini ya chuma, mbali na nakshi. Mikwaruzo iliyobaki ni historia ya waliokalia kiti hicho, na mashine iliyopakwa rangi ya gari hupoteza hata namba yake.

Stendi ya chini husahaulika. Tia mafuta kwenye ekseli za kanyagio na kwenye fimbo inayoliunganisha na gurudumu kubwa. Mkanda wa ngozi usiukaze kupita kiasi. Ukikazwa sana miguu huchoka na fundi huilaumu mashine. Ukilegea, kata sentimita moja, toboa, unganisha upya. Mbao za meza zilizovimba kwa unyevu zikaushwe kivulini, kisha zipakwe mafuta ya mbao. Kipuri kilichovunjika cha stendi, fundi wa jua kali anaweza kukichonga au kukichomelea, mradi umpelekee kile cha zamani akipime.

Inayostahili kuwekwa kwenye kitabu

Januari 2022 serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa nguzo na nyaya za umeme, ikaifungua tena baada ya miezi michache kwa masharti mapya. Biashara hiyo ina nafasi yake. Lakini kichwa cha cherehani hakipaswi kuwa kwenye gunia hilo. Kwa uzito wake wa chuma hakikupi hata pesa ya sare moja, na kikiwa kizima kitashona sare za kijiji.

Bonasi ya chai huja karibu na Oktoba, na ni desturi ya nyumba nyingi kununua kitu kikubwa msimu huo. Wengi hununua cherehani mpya wakati ya zamani imelala stoo chini ya magunia ya mbolea. Kabla hujanunua, ishushe ile ya zamani. Panga kiasi kidogo cha pesa hiyo kwa kichupa cha mafuta, pakiti ya sindano HA×1, kesi mpya ya bobini na mkanda. Kama mikono yako haiwezi, mpelekee fundi wa cherehani wa Kericho au Bomet na ukae naye anapoifungua, ujifunze.

Na kitu kimoja zaidi, ambacho hakina gharama. Soma ile namba iliyogongwa kwenye kitako, iandike kwenye daftari pamoja na jina la aliyeinunua, mahali aliponunua na kazi aliyoifanyia. Muulize kogo akiwa bado anakumbuka. Clydebank ilitoa mamilioni, na daftari za kiwanda zinajua namba zilikoanzia tu. Zilikoishia mnajua nyinyi.